Sauti zinazojilea zenyewe: Eden, mageuko na kinamasi cha kwetu

Leo naomba tuweke kando kidogo habari za simu na hifadhidata. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikihangaika na jambo ambalo haliniletei hata shilingi, na ambalo mke wangu hulitaja kwa jina moja tu: "zile kelele zako." Ni sanaa ya sauti ambayo hakuna mtu aliyeitunga. Kompyuta (au tarakilishi, kama alivyosisitiza mwalimu wangu wa Kiswahili) haichezi wimbo uliorekodiwa, wala haibahatishi noti ovyo ovyo. Ndani yake mna viumbe wa kubuni wanaozaliwa, wanaokula, wanaoimba na kufa, na unachokisikia kwenye spika ni maisha yao yakiendelea.

Kazi iliyonivuta huku inaitwa Eden. Aliitengeneza Jon McCormack, msanii na mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, na maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2001. Kwa umri wa teknolojia hicho ni kitu cha kale, lakini mpaka leo sijaona kazi nyingine iliyolijibu swali lake vizuri kiasi hicho.

Hebu fikiria chumba chenye giza. Katikati kuna skrini mbili nyembamba zinazopitisha mwanga, zimening'inizwa zikapishana kama herufi X. Juu yake unaonekana ulimwengu wa vyumba vidogo vidogo kama wa bao la drafti: hapa jiwe, pale mmea, na katikati viumbe wanaozunguka. Sauti zao zinakujia kutoka kwenye spika. Vihisi vinapima umesimama wapi na unasogea kwa kasi gani. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Lakini kule kusimama kwako tu kunafanya chakula cha wale viumbe kiote kwa wingi zaidi, na ukitembeatembea, kiwango cha mabadiliko ya nasibu katika jeni zao kinapanda. Chumba kikibaki kitupu, chakula kinapungua.

Kwa hiyo wewe si msikilizaji tu. Wewe ni mvua.

Ili ujue kwa nini hilo lilinishtua, inabidi turudi nyuma kidogo. Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na algoriti za mageuko, wazo lenyewe ni rahisi. Badala ya kuandika jibu, unaandika majibu mia moja ya kubahatisha. Unayapima, unayatupa mabovu, unayachanganya mazuri kama mfugaji anavyochanganya mbegu za ng'ombe, unaongeza makosa madogo hapa na pale, kisha unarudia. John Holland aliyaweka haya katika kitabu mwaka 1975, na tangu hapo mbinu hii imetumika kupanga ratiba, kubuni antena, na mambo mengine ambayo akili ya mtu inachoka kuyahesabu. Sharti ni moja: lazima uwe na njia ya kupima jibu lipi ni zuri. Ukibuni antena, una kipimo. Ukitengeneza muziki, kipimo kiko wapi?

Wa kwanza kujulikana sana kwa kulikwepa swali hili alikuwa Richard Dawkins (aliyezaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1941, jambo ambalo napenda kuwakumbusha watu). Katika kitabu chake cha 1986 kuhusu mageuko alieleza programu inayochora maumbo kama ya wadudu na miti. Kompyuta inakuonyesha watoto kadhaa, unachagua mmoja unayempenda, anazaa wengine. Jicho lako ndilo kipimo. Mwaka 1993 Karl Sims aliipeleka mbinu hiyo kwenye jumba la Pompidou mjini Paris: skrini 16, na mtu anasimama mbele ya zile picha anazotaka zizaane. Ilikuwa kazi nzuri sana kwa sababu picha 16 unaweza kuzitazama kwa mara moja.

Sauti haikubali hivyo. Sauti inakula muda. Piga hesabu nami: tuseme una vipande 100 vya muziki, kila kimoja sekunde 8. Hizo ni sekunde 800, yaani dakika 13 na zaidi, kwa kizazi kimoja tu. Vizazi 50 ni saa 11 za kusikiliza milio ambayo mwanzoni ni kama sufuria zinazoanguka. Al Biles wa Marekani, mpiga tarumbeta na mwalimu wa kompyuta, alikumbana na hili miaka ya 1990 alipotengeneza GenJam, programu inayojifunza kupiga jazi papo kwa papo huku mtu akibonyeza herufi moja akipenda na nyingine akichukia. Programu ilijifunza kweli, lakini kila kitu kilipaswa kupita katika tundu la sindano, na tundu hilo ni sikio la mtu mmoja aliyechoka. Mwaka 2001 alifikia hatua ya kuandika toleo ambalo limeacha kabisa kupima.

Njia nyingine ni kuongeza masikio. Robert MacCallum na Armand Leroi wa Imperial College, London, waliweka mradi wao wa DarwinTunes kwenye intaneti na mwaka 2012 wakachapisha matokeo: wasikilizaji karibu 7,000 walipiga kura juu ya vipande vya sekunde 8, kwa vizazi zaidi ya 2,500. Kelele iligeuka kuwa kitu unachoweza kukiita muziki. Nimesikiliza. Ni muziki wa kupendeza, kama ule unaochezwa ukisubiri simu yako ipokewe. Ubora ulipanda haraka mwanzoni, kisha ukasimama. Mimi binafsi sikushangaa. Ukiuliza watu maelfu wanapenda nini, utapata kile ambacho hakuna anayekichukia.

Sasa rudi Eden. Hakuna mstari hata mmoja katika programu ile unaosema sauti nzuri ni ipi. Kila kiumbe ana orodha ya kanuni fupi za mtindo wa "ukisikia hivi na tumbo likiwa hivi, fanya vile." Anaweza kusogea, kugeuka, kula, kumpiga aliye mbele yake, kujamiiana, kupumzika au kuimba. Kila tendo linagharimu nguvu. Nguvu zikiisha anakufa, na mzoga wake unaweza kuliwa. Kanuni inayomsaidia kuishi inapata sifa, inayomponza inafifia, na kinyume na biolojia tuliyosoma shuleni, mzazi anamrithisha mtoto hata yale aliyojifunza ukubwani. Mimea nayo ina hesabu yake, iliyotokana na ule mfano wa maua meusi na meupe ambao Andrew Watson na James Lovelock waliuchapisha mwaka 1983 kuonyesha jinsi uhai unavyoweza kurekebisha joto la sayari. Kuna misimu. McCormack aliona viumbe wakijifunza kutafuta chakula wakati wa neema na kutulia wakati wa baridi, na kutumia sauti kwa shughuli zao, kama vile kutafutana kwa ajili ya kuzaana.

Mtu mgeni yuko wapi katika hesabu hiyo? Yuko pembeni, kama hali ya hewa. Kama viumbe wakitoa sauti inayomfanya mtu abaki, chakula kinaongezeka. Kama wakimchosha, anaondoka na ukame unaanza. Hawajui kwamba yupo. Msanii hakutunga sauti. Alitunga mazingira, kisha akaondoka.

Nakiri kwamba kama mtu ninayelipwa mchana kuhesabu ni dakika ngapi mteja anakaa kwenye programu ya simu, wazo la viumbe wanaoishi kwa kutegemea muda wa watu linanipa raha na kichefuchefu kwa pamoja. Tofauti niionayo ni kwamba programu ya simu inakujua wewe, inakupima, inakuwinda. Kiumbe wa Eden hana habari nawe. Anaimba kwa sababu zake. Ukisimama, ni heri kwake, basi.

Hapa kuna jambo jingine ambalo linatugusa sisi Wakenya moja kwa moja. McCormack alipata wazo la Eden baada ya kukaa katika mbuga ya Litchfield, kaskazini mwa Australia, akisikiliza sauti za pori. Mtu mwingine aliyesikiliza hivyo ni Bernie Krause, mwanamuziki wa Marekani aliyeacha kazi za studio na kuanza kurekodi pori. Alifika Maasai Mara miaka ya 1980 kurekodi, na usiku, akiwa na vifaa vyake, alianza kusikia kwamba wadudu, vyura, pelele, fisi na ndovu hawapigi kelele hovyo. Kila mmoja alikuwa na kiti chake: huyu juu, yule chini, mwingine anasubiri mwenzake anyamaze. Ukiichora sauti ile kwenye karatasi, juu sauti nyembamba na chini nzito, unaona mistari iliyopangwa kama mistari ya muziki. Nadharia yake ni kwamba wanyama waliokaa pamoja kwa muda mrefu wamegawana nafasi ya sauti kama wanavyogawana malisho, maana asiyesikika hapati mwenzi.

Unaona basi? Eden si mchezo wa kuiga wimbo wa ndege. Ni kuiga sababu ya wimbo.

Krause ana kisa kingine ambacho sikuweza kukisahau. Mwaka 1988 alirekodi mahali panapoitwa Lincoln Meadow, katika milima ya Sierra Nevada, California, kabla kampuni ya mbao haijaanza kukata miti kwa kuchagua, mmoja hapa mmoja pale. Alirudi mwaka uliofuata. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Picha za kabla na baada zinafanana. Lakini katika rekodi ya pili kulibaki maji ya kijito na kigong'ota mmoja anayegonga. Alirudi tena na tena miaka iliyofuata, na sauti ile ya zamani haikurejea.

Nilisoma hayo usiku mmoja nikiwa peke yangu, na nikajikuta nafikiria shamba letu kule Kakamega.

Chini ya boma la baba yangu palikuwa na kinamasi. Si kikubwa, labda ekari moja na nusu, chenye mafunjo na maji meusi yaliyotufika magotini. Mwaka 1996 mzee alipanda mikaratusi pale. Wakati huo kila mtu alikuwa anapanda; mti unakua haraka, ukiukata unachipuka tena wenyewe, na nguzo za stima zina bei. Mikaratusi inakunywa maji, na penye kinamasi inakunywa sawasawa. Mwaka 2005 ilikatwa mara ya kwanza, na pesa zile ndizo zilizonilipia karo ya chuo. Yaani mimi kujua kuandika programu kumetoka moja kwa moja kwenye maji yale. Ukisimama barabarani leo utasema pale ni pazuri, pana kijani, miti imenyooka kama askari. Ni pakavu. Na vyura hakuna.

Sikuwa na rekodi. Hakuna aliyerekodi vyura kule kwetu mwaka 1995. Nani angepoteza kaseti? Kwa hiyo sikuweza kuwarudisha wale. Nikafikiri, kama McCormack yuko sahihi kwamba sauti ni tunda la mazingira, basi nijenge kinamasi na nione kitaimba nini.

Programu yangu naiita Kinamasi (sikujisumbua kutafuta jina). Ina ulimwengu wa vyumba 120 kwa 80, maji, mafunjo, na viumbe wenye kanuni 20 kila mmoja. Nimeiandika kwa Python, sauti inazalishwa na Pure Data, ambayo ni bure. Kamera ya bei ya chini inaangalia sebule na kulinganisha picha moja na inayofuata ili kujua kama kuna mtu na yuko upande gani. Spika nne kwenye pembe. Kompyuta ni ya mitumba, na haina haja ya kuwa na nguvu, kwani viumbe mia tatu wenye kanuni ishirini ni kazi ndogo kuliko kufungua ukurasa mmoja wa gazeti siku hizi. Mwili mkubwa unatoa sauti nzito, mwili mdogo sauti nyembamba, na kuimba kunagharimu nguvu kulingana na ukubwa wa sauti. Mtu akiwepo, mafunjo yanaota.

Niliiwasha Ijumaa jioni. Mwanzoni ilikuwa fujo tupu. Kufikia Jumapili ilikuwa imepoa kidogo, na Jumatano ilikuwa kimya kabisa. Si kwamba walikufa! Skrini ilijaa kijani, viumbe zaidi ya 300 walionawiri, wanatembea, wanakula, wanazaana, na spika hazitoi kitu isipokuwa ule mvumo wa stima.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa walichokigundua, na nilipokielewa nilicheka. Mtu yeyote aliyewahi kuwa katika chama anakijua. Anayeimba analipa kwa nguvu zake. Mgeni akivutiwa na wimbo na kubaki, chakula kinaota ulimwengu mzima, kwa aliyeimba na kwa asiyeimba. Bubu anakula matunda ya wimbo wa jirani bila kutoa chochote, kwa hiyo ananenepa zaidi na kuzaa zaidi. Vizazi arobaini baadaye wote ni bubu. Na kwa kuwa mimi huwa naketi sebuleni kila jioni wakiimba wasiimbe, hawakupungukiwa na kitu. Mageuko hayana deni la kunifurahisha.

Kumbe ndiyo maana katika Eden sauti ina kazi nyingine. Wimbo unaomlenga mgeni peke yake hauwezi kuishi. Lazima kwanza uwe na faida kati ya wenyewe kwa wenyewe. Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza, kiumbe anayetafuta mwenzi anaweza kusikia hatua sita tu, na hamwendei asiyemsikia. Pili, mtu akisimama upande wa kushoto wa sebule, mafunjo yanaota upande wa kushoto tu. Watoto huzaliwa karibu na mama, kwa hiyo wanaoimba sasa wamezungukwa na ndugu zao wanaoimba, na mgeni akivutwa na spika ya pembe ile, neema inawashukia wao.

Hapo ndipo sebule yangu ilipoanza kuwa na usiku wake. Nasema hivyo kwa sababu niliwapa saa za mwanga na giza, na wao wenyewe, bila kuambiwa, walihamia giza kwa kuimba, maana mchana unalipa zaidi kula. Kuna ukoo ulioshika sauti nzito upande wa dirisha, ukatulia, na ukoo mwingine mwembamba ukajibana kwenye mapengo ya ule wa kwanza. Watoto wa majirani wakija kurukaruka mbele ya kamera, mabadiliko ya jeni yanapanda na kwa siku mbili zinazofuata tunasikia milio ambayo hata sijui niielezeje. Mmoja ulikuwa kama mlango wa kibanda unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

Sitaki kukuambia kwamba ni muziki mtamu. Kuna jioni ambazo ni za kuchosha. Lakini ni tofauti na kuchoshwa na wimbo mbaya. Ni kama kuchoshwa na mvua.

Kisha mzee akaja Nairobi kuonana na daktari wa macho, akakaa kwetu siku nne. Sikuwa nimemwambia lolote juu ya Kinamasi. Usiku wa kwanza alisimama mbele ya skrini na fimbo yake, ameinamisha kichwa, kwa kuwa macho yake siku hizi hayamsaidii sana.

"Hawa ni nini?"

"Ni viumbe wa kompyuta, Baba. Si wa kweli."

"Nani anawalisha?"

"Ni wewe. Ukisimama hapo chakula chao kinaota."

Alifikiri. "Na nikitoka?"

"Kinapungua."

Akaomba kiti. Alikaa pale karibu saa nzima, chai yake ikapoa. Baadaye akasema, bila kunigeukia, "Wale wa kule chini walikuwa wanaanza saa moja kasoro. Mama yako alikuwa anafungia kuku kwa kuwasikia wao." Nilinyamaza, kwa sababu sikuwahi kumsikia akiwataja tangu wapotee. Akaongeza, "Ile miti ilikusomesha."

"Najua, Baba."

"Basi mbona hujaiweka humu? Umeweka vyura na maji, na mtu anayekuja anakuja na chakula. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu? Weka na mtu mwenye watoto wa kusomesha."

Nimesoma makala nyingi za wataalamu juu ya kazi kama Eden, na sikumbuki kuona hoja iliyonikaa kama hiyo. Ni kweli. Katika Eden binadamu ni baraka kila akitokea. Akija, neema, akienda, njaa. Ni uamuzi mzuri wa kisanii, na nadhani unafaa kabisa katika chumba cha maonyesho, ambako mtu anakuja bila shida zake. Lakini kule kwetu kuwepo kwa watu kulikuwa na sura mbili: tulikuwa wasikilizaji wa vyura, na tulikuwa na karo.

Kwa hiyo niliweka miti. Mti katika Kinamasi hauimbi wala hauli mafunjo. Unavuta maji kutoka vyumba vinavyouzunguka, na baada ya mizunguko kadhaa unakomaa. Hupandwa kulingana na mahitaji ya nyumba, ambayo niliyaweka kama namba inayopanda na kushuka, na mti ukiuzwa namba hiyo inashuka. Mtu aliyesimama sebuleni bado analeta chakula, ila chakula hakioti pasipo maji.

Unachokiona kwenye skrini ni kijani kinachoongezeka. Unachokisikia ni kingine. Sauti nzito ndizo zilizotangulia kuondoka, maana mwili mkubwa unahitaji mafunjo mengi. Kisha ule ukoo mwembamba, ambao ulikuwa umejipanga kwenye mapengo ya sauti nzito, ulipoteza mpangilio wake na kuanza kuimba wakati wowote, ukijikanyaga wenyewe kwa wenyewe. Mwishowe walibaki wachache pembezoni, juu kushoto, ambako kwa bahati miti haikufika. Nimeliendesha jaribio hilo mara kumi na mbili, kila mara kwa mwanzo tofauti. Pembe inabadilika. Mpangilio wa kuondoka, sauti nzito kwanza, haujabadilika hata mara moja. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kule chini ya boma, kwani kanuni ya mwili na sauti niliiandika mimi. Nilimpigia mzee nikamweleza. Akasema wale wenye sauti nene ndio waliotangulia hata pale.

Kama ungependa kujaribu mwenyewe, usianze na sauti. Anza na njaa. Tengeneza ulimwengu ambamo chakula kinaisha, ambamo kuimba kuna gharama na kuna sababu, kisha ndipo ufungue spika. Na wasikilizaji wako uwape mahali maalumu pa kusimama, siyo ulimwengu mzima, la sivyo utapata mabubu walionenepa kama wangu. Kamera ya simu ya zamani inatosha.

Miti ya awamu ya tatu kule nyumbani imefikia kimo cha nguzo. Mnunuzi ameshakuja mara mbili na kamba yake ya kupimia, na mpwa wangu ana barua ya kujiunga na chuo. Itakatwa, hilo halina mjadala. Kilichobaki ni visiki: vikiachwa vitachipuka, vikiteketezwa au kung'olewa ni gharama, na hakuna atakayelipia. Juzi mzee alinipigia akaniuliza kama ndani ya ile mashine nimewahi kung'oa visiki. Nikamwambia bado. Akasema nijaribu, kisha nimpigie nimwambie walichukua muda gani kurudi.

Niling'oa jana saa mbili usiku. Sasa hivi programu iko mzunguko wa 41,000, maji yamepanda katika vyumba vya katikati, mafunjo yameanza kuonekana, na wale wachache wa juu kushoto hawajasogea.